Vitabu vya Mbawakawa Vilivyonifunza Biashara ya Haki

Kila mtu na ugonjwa wake. Wako wanaokusanya stempu, wako wanaokusanya rupia za zamani, na nina jirani hapa Mji wa Kale aliyejaza chumba kizima santuri za taarabu na hana hata kinanda cha kuzipigia. Ugonjwa wangu mimi ni vitabu vya katuni vya Kimarekani. Tena si vyote, bali vya mhusika mmoja tu, ambaye hata Wamarekani wenyewe wengi wao hawakuwa wakimjua mpaka juzi juzi hapa. Jina lake ni Blue Beetle, yaani Mbawakawa wa Buluu.

Msomaji asinicheke kabla hajanisikiliza. Najua kwamba kwa watu wengi katuni ni kitu cha watoto. Mtu hukisoma, akacheka, kisha akafungia bajia. Sisi tuliozoea kumfuata Juha Kalulu gazetini tangu udogo wetu, au tuliowanyang'anya kaka zetu vile vitabu vya picha vya Lance Spearman na kofia yake, hatukuwahi kufikiri kwamba karatasi kama ile siku moja ingeweza kuuzwa kwa bei ya ng'ombe. Lakini ndivyo mambo yalivyo huko ng'ambo, na katika biashara hiyo ya karatasi kuukuu mimi nilipata somo ambalo sikulipata chuoni. Ndilo nililokusudia kulieleza leo.

Mwaka 1987 nilikuwa baharia kijana, kazi yangu ni chumba cha injini katika meli ya mizigo. Mwenzangu mmoja Mfilipino alipomaliza mkataba wake aliniachia jozi ya viatu, kopo la kahawa na kitabu cha katuni kilichokuwa hakina hata mwezi tangu kitoke: *Justice League*, toleo la kwanza, la Mei 1987. Kilikuwa kimeandikwa na Keith Giffen na J. M. DeMatteis, na michoro ilikuwa ya Kevin Maguire. Humo mlikuwa na mashujaa wenye nguvu za kila namna, na miongoni mwao palikuwa na bwana mmoja aliyevaa nguo za buluu na miwani mikubwa ya njano, hana nguvu zozote isipokuwa akili yake, mikono yake na maneno ya mzaha. Huyo alikuwa ni fundi. Chombo chake cha kurukia chenye umbo la mdudu alikiunda mwenyewe. Mimi niliyekuwa nikishinda na spana mkononi na mafuta mpaka kwenye kope, nilimpenda papo hapo. Kila bandari tuliyotia nanga nikawa namuulizia.

Nilipomuulizia ndipo nilipogundua kwamba mbawakawa huyu ana nasaba ndefu. Ni kama joho moja lililovaliwa na watu watatu kwa zamu.

Wa kwanza alitokea Agosti 1939 katika kitabu kiitwacho *Mystery Men Comics*, toleo la kwanza, kilichouzwa kwa senti 10 za Kimarekani. Mwenye kukichapisha alikuwa Victor Fox wa New York, mfanyabiashara aliyeona jinsi Superman alivyotia fedha tangu kutokea kwake mwaka 1938, naye akataka mfereji wake. Mbawakawa huyu wa kwanza aliitwa Dan Garret. Alikuwa askari polisi aliyevaa vazi la buluu lisilopenya risasi, na baadaye akawa anapata nguvu kwa kumeza dawa waliyoiita Vitamini 2X. Mwaka 1940 alikuwa na vipindi vyake vya redio, akawa pia katika magazeti, na miongoni mwa waliomchora huko magazetini kwa muda mfupi ni Jack Kirby, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa wachoraji wakubwa kabisa wa sanaa hii. Walakin biashara ya Fox ilikuwa ya msukosuko, na mwaka 1950 kitabu cha Blue Beetle kikakoma.

Joho likaokotwa na kampuni ya Charlton ya mji wa Derby, jimbo la Connecticut. Kampuni hii nayo ina kisa chake. Waanzilishi wake wawili, John Santangelo na Ed Levy, walijuana wakiwa gerezani. Santangelo alifungwa kwa kuchapisha maneno ya nyimbo za watu bila ya idhini. Walipotoka wakashirikiana, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mtoto aitwaye Charles, wakaiita kampuni Charlton. Kila kitu walikifanya chini ya paa moja: kuandika, kuchora, kupiga chapa na kusambaza. Malipo yao kwa wachoraji yalikuwa haba na uchapaji wao ulikuwa duni, wino ukienda kushoto na rangi kulia. Juni 1964 walimfufua Blue Beetle, mara hii Dan Garrett akiwa si polisi tena bali mtaalamu wa mambo ya kale, aliyepata huko Misri, katika kaburi la Firauni, kidude cha buluu chenye umbo la mbawakawa kilichompa nguvu.

Hapo msomaji ataelewa fikira ile ilikotoka. Wamisri wa zamani za ujahili walimtukuza yule mdudu anayefingirisha mavi ya ng'ombe kama mpira, wakimfananisha na mungu wao aliyesukuma jua angani, wakachonga hirizi za umbo lake na kuzikana pamoja na maiti wao. Rafiki zangu wa baraza walipolisikia jambo hilo walinifanyia dhihaka, wakaniuliza kama nimeingiza masanamu ya Firauni nyumbani kwangu. Niliwajibu kuwa ni hadithi tu, na katika hadithi hiyo hiyo hirizi haikufua dafu. Kwa sababu mbawakawa wa tatu, yule niliyempenda mimi, hakuitumia.

Huyo ni Ted Kord. Alitokea mara ya kwanza Novemba 1966, kurasa za nyuma katika kitabu cha shujaa mwingine, *Captain Atom*, toleo la 83. Aliyemwunda ni Steve Ditko, ambaye mwaka huo huo aliacha kumchora Spider-Man, aliyekuwa amemwunda pamoja na Stan Lee mwaka 1962. Mtu aliyekuwa na jina kubwa kama lile akarudi kwenye kampuni ya malipo haba, kwa kuwa huko Charlton walimwacha afanye apendavyo. Juni 1967 Ted Kord akapewa kitabu chake mwenyewe, na katika toleo la pili la mwaka huo ikaelezwa jinsi Dan Garrett alivyokufa akimwachia ahadi ya kuendeleza kazi, lakini ile hirizi ikafukiwa pamoja naye. Ted akarithi ahadi, nguvu hakurithi. Ilimbidi ajitengenezee kwa mikono yake.

Sasa nieleze maana ya neno ambalo wakusanyaji hawaliachi mdomoni, nalo ni ufunguo. Si kila kitabu cha zamani kina thamani. Matoleo ya ufunguo ni yale ambayo ndani yake jambo fulani limetukia kwa mara ya kwanza au ya mwisho: shujaa kutokea, shujaa kufa, adui mkubwa kuingia, kampuni mpya kumtwaa. Kwa Blue Beetle, ufunguo wa kwanza ni *Mystery Men Comics* nambari 1 ya 1939, ambao sijapata hata kuugusa na sitarajii. Wa pili ni Blue Beetle nambari 1 ya 1964. Wa tatu ni *Captain Atom* nambari 83. Wa nne ni Blue Beetle nambari 1 ya 1967, na huo una thamani ya ziada kwa kuwa humo mhusika mwingine wa Ditko, The Question, asiyekuwa na uso, alitokea mara ya kwanza. Wa tano ni *Crisis on Infinite Earths* nambari 1 ya Aprili 1985, ambapo Ted Kord aliingia kwa DC, kampuni ya Superman, iliyokuwa imewanunua mashujaa wa Charlton mwaka 1983.

Mtu asiyejua hawezi kuutambua ufunguo kwa kuutazama. *Captain Atom* nambari 83 ukiiona mezani utadhani ni kitabu cha shujaa mwingine tu, kumbe ndani, kurasa za mwisho mwisho, pana mtu aliyezaliwa humo. Tena Charlton walikuwa watu wa ajabu katika kuhesabu: kile kitabu cha 1964 kilitoka nambari 1 mpaka 5, halafu kikaruka hadi nambari 50 na kuishia 54, kwa kuwa kilichukua hesabu ya kitabu kingine kilichokuwa kimefungwa. Kisha mwaka 1967 wakaanza tena na 1. Kwa hiyo kuna vitabu viwili vya Charlton vyenye jina moja na nambari moja, na bei zake si moja. Anayejua hufaidi, na asiyejua huliwa.

Jambo la pili ni hali ya kitabu. Tangu mwaka 1970 kuna kitabu cha bei cha Robert Overstreet ambacho wauzaji na wanunuzi hukirejelea, na tangu mwaka 2000 kuna kampuni iitwayo CGC ambayo hupokea kitabu, hukikagua, hukipa alama isiyozidi 10, kisha hukifunga ndani ya kasha gumu la plastiki. Alama moja ikipanda au kushuka bei hubadilika mno. Kona iliyokunjwa, pini yenye kutu, jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu, yote hayo hupunguza alama. Mimi vitabu vyangu sivifungishi. Kitabu kilichofungwa hakisomeki, na mtu aliyeweka kitabu asichoweza kukifungua sijui tofauti yake ni nini na yule jirani yangu wa santuri.

Adui wangu mkubwa ni hewa ya kwetu. Karatasi za katuni zilikuwa za namna duni kuliko zote, zina asidi ndani yake, nazo hugeuka manjano kisha kahawia kisha zikamumunyuka kama mkate mkavu. Zidisha unyevu wa Mombasa masika yakiingia, na mchwa, na mende, na vile vidudu vya fedha vipendavyo gundi. Mwaka mmoja niliporejea safari nilikuta vidudu vya kweli vimemla mdudu wangu wa wino kuanzia mgongo mpaka ukurasa wa saba. Tangu hapo kila kitabu nakitia katika mfuko wake wa plastiki safi na ubao mwembamba usio na asidi nyuma yake, nakisimamisha wima ndani ya sanduku lililoinuliwa juu ya sakafu, na vijifuko vya kunyonya unyevu navibadilisha kila baada ya miezi michache. Mke wangu husema watoto wetu hawakulelewa vile.

Haya sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Mwaka 2009 meli yetu ilitia nanga Baltimore, jimbo la Maryland, nami nikapata ruhusa ya siku moja kushuka. Huko watu wana desturi siku ya Jumamosi kutandaza vyombo vyao vya zamani mbele ya nyumba wakaviuza. Katika mtaa mmoja nilimwona bibi wa makamo ya miaka sitini ametandaza vikombe, taa, suti za kiume na masanduku matano ya vitabu vya katuni. Juu yake aliandika bei: kila kimoja dola moja. Aliniambia kuwa vilikuwa vya mdogo wake aliyefariki miezi michache kabla, naye anataka kuihama nyumba.

Nilianza kupekua sanduku la kwanza na moyo ukaanza kunidunda. Blue Beetle nambari 1 na 2 za 1967. Blue Beetle moja ya Fox ya miaka ya arubaini, jalada limechanika kidogo upande wa chini. Kisha, katikati ya vitabu visivyo na maana, *Captain Atom* nambari 83, safi, rangi zake zinang'aa, ila ndani ya jalada paliandikwa jina la mtoto kwa hati ya kujifunza. Kile cha Fox peke yake nilijua kuwa ni mamia ya dola. Nilimpa yule bibi dola nne. Alivifunga vitabu kwa mojawapo ya yale makaratasi ya tangazo aliyobandika mtaani, akanitakia safari njema. Masanduku mengine manne sikuyagusa, kwa kuwa muda wangu ulikuwa umekwisha na sikutaka aone jinsi nilivyopendezwa.

Sitasema kwamba usiku ule sikulala. Nililala vizuri sana. Nilirudi Mombasa nikiwa na furaha, na jioni moja baada ya Isha nikavitoa vile vitabu barazani nikawasimulia wenzangu, kama mvuvi asimuliavyo nguru aliyemnasa. Wote walicheka wakanipongeza. Palikuwapo Maalim mmoja, mtu mzima aliyenisomesha nilipokuwa mdogo. Yeye alikuwa kimya muda wote. Nilipomaliza aliniuliza:

"Mwanangu, ulipokuwa ukimpa zile dola nne, yule mama alikuwa analijua ulilokuwa ukilijua wewe?"

Nikamwambia, "La, Maalim. Angalijua asingaliniuzia."

Mmoja wa wale vijana akaingilia: "Lakini Maalim, biashara ni biashara. Bei ameitia mwenyewe. Huyu hakumdanganya, hakumtolea kisu. Kila mtu na riziki yake."

Maalim akasema, "Kweli, hakumdanganya. Nami sikusema kuwa biashara yake imebatilika. Hayo wanazuoni wana maneno yao. Lakini mwajua nyote kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kutoka nje ya mji kwenda kuilaki misafara na kununua bidhaa zake kabla wenyewe hawajafika sokoni wakaijua bei. Wale nao walitia bei wenyewe. Wale nao hawakutolewa kisu. Basi lililokatazwa hapo ni nini?"

Hakuna aliyejibu. Akaniangalia tena akasema, "Na mwenye bidhaa akishafika sokoni akaijua bei, ana hiari: akitaka huiacha biashara ilivyo, akitaka huivunja. Yule mama wako bado hajafika sokoni. Wewe ndiye ujuaye njia." Kisha akaomba kahawa, mazungumzo yakageuka.

Nilikasirika, sifichi. Nilijiambia kuwa Maalim hajui biashara hii, kwamba ujuzi wangu wa miaka ishirini na zaidi ni mtaji wangu, kwamba daktari na fundi nao hulipwa kwa wanayoyajua. Hoja hiyo bado naiona ina nguvu. Lakini fundi hulipwa na mwenye injini, kwa kuwa amemtengenezea injini. Mimi yule mama sikumtengenezea chochote. Nilichofanya ni kumnyamazia, na malipo yangu yalitoka katika ule unyamavu.

Lile karatasi la tangazo lilikuwa bado limevifunga vitabu, na anwani ya nyumba ilikuwa juu yake. Nilikaa siku tatu nikaandika barua kwa Kiingereza changu cha melini. Nikamweleza kila kitabu ni kipi, kimetoka mwaka gani, kwa nini watu wanakitaka, na bei yake kwa mujibu wa kitabu cha bei. Nikamwambia ana hiari tatu: avitake vyote nimrudishie kwa gharama yangu, au nimlipe kilichopungua, au aseme yamepita. Nikaipeleka posta, na nafsi yangu nyingine ikawa inaomba barua ipotee.

Baada ya wiki saba jibu likaja. Yule bibi alishukuru kwa maneno mazuri ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa sikuyastahiki. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Saa moja baada yangu mimi kuondoka alikuja mtu mmoja mwenye gari, akatazama haraka haraka, akayanunua masanduku yote matano kwa fedha kidogo akaondoka nayo. Vitabu vilivyokuwa mle, Mungu ndiye ajuaye. Mdogo wake alikuwa amevikusanya tangu utoto. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Lakini mimi nilisoma barua ile nikaona hesabu yangu. Nilidhani nimechukua vitabu vinne. Kumbe laiti ningalifungua mdomo siku ile, nikamwambia, "Mama, ngoja, usiuze, tafuta mtu akupimie," masanduku matano yangalibaki. Vile vinne niliweza kuvilipa. Yale matano nitayalipaje?

Kuhusu vitabu vyangu, alichagua hivi. Viwili vya 1967 alisema nikae navyo, ni zawadi. Cha Fox nilimlipa nusu ya bei, kwa kuwa alikataa kuipokea nzima, na nusu hiyo peke yake ilikuwa zaidi ya dola mia. Lakini kile chenye jina la mtoto ndani yake, aliomba, ikiwa si taabu kwangu, nimrudishie. Hakutaka kukiuza. Hakukijua kama ni ufunguo wa kitu chochote. Jina lile lilikuwa la mdogo wake, na hati ile yeye mwenyewe, dada mkubwa, ndiye aliyemshika mkono alipokuwa akijifunza kuandika.

Nilikitia baina ya mbao mbili, nikakifunga, nikakituma kwa rejista. Kile kilichopunguza alama ya kitabu katika daftari la wakusanyaji ndicho kilichokuwa thamani yake yote kwa mwenyewe. Miaka miwili baadaye nilinunua *Captain Atom* nambari 83 nyingine kwa bei ya soko, kuukuu, jalada limelegea, kona moja imeliwa. Ndiyo niliyo nayo mpaka leo.

Mbawakawa naye amepata makuu. Mwaka 2005 DC walimwua Ted Kord kwa risasi katika hadithi moja iliyonihuzunisha, na ile hirizi ya buluu ikamwangukia kijana wa Texas wa asili ya Kimeksiko, Jaime Reyes, aliyetokea kwanza katika *Infinite Crisis* nambari 3 na kuvaa vazi katika nambari 5. Mwaka 2006 akapata kitabu chake. Kisha Agosti 2023 ikatoka senema ya Blue Beetle, na vitabu vilivyokuwa vikitupwa pembeni vikaanza kutafutwa. Ilipotangazwa senema bei zikapanda; msisimko ulipopoa nyingi zikashuka. Walionunua kwa pupa ili wauze kesho walijikuta na karatasi. Kijana anayetaka kuingia katika mchezo huu namshauri anunue kile ambacho hata kikikosa bei atafurahi kukisoma.

Maalim ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakupata kuniuliza tena habari ya yule mama. Siku niliyomwendea kumwambia kwamba nimerudisha, alitikisa kichwa tu akanitaka nimwoneshe huyo mdudu. Nikampa kimojawapo cha 1967. Alikipindua kurasa moja moja, miwani puani, akacheka mahali palipokuwa pa kuchekesha, akanirudishia akisema kwamba mchoraji anajua kazi.

Mwezi uliopita alinijia kijana wa mtaani na bahasha mkononi. Mjomba wake aliye Ghuba alimletea vitabu vya katuni, na mmoja wao ulikuwa *Infinite Crisis* nambari 3, mpya kabisa. Amesikia kuwa mimi hununua, naye anataka shilingi mia tano, apate fedha za kutengeneza simu. Mimi nakala hiyo sinayo ya hali ile, na nimeitafuta muda. Nilimkaribisha akae, nikamwagia kahawa, nikamtolea kitabu cha bei nikamwekea mbele yake, nikamwonesha mstari wenyewe kwa kidole. Nilimwambia asome kwanza, halafu ndipo tuzungumze.

Alisoma, akatabasamu, akakirudisha kitabu chake ndani ya bahasha, akasema atakwenda kufikiri. Mpaka leo hajarudi. Ile nafasi katika sanduku langu bado iko wazi.